Watu Kumi kwa Chupa Moja

Nilikuwa na miaka kumi na tano na sijawahi kupanda ndege. Mama mkubwa, aliyenilea tangu mama yangu afariki, aliuza vitenge sokoni Bujumbura. Siku moja akaitwa kwenye simu dukani kwa jirani: binti yake aliyeolewa Unguja amejifungua mapacha. Alirudi nyumbani mbio, viatu mkononi.

"Funga mizigo," akaniambia. "Tunaenda, mi na we!"

Tiketi zilipatikana upesi kuliko chanjo. Bila kadi ya njano hatungeruhusiwa kuingia kisiwani, na kadi huanza kukubalika siku kumi baada ya sindano ya homa ya manjano. Ndege yetu ilikuwa baada ya siku kumi na mbili. Asubuhi iliyofuata tukawa wa kwanza kwenye zahanati mjini.

Muuguzi alitusikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Mama, chupa moja ni ya watu kumi. Nikishaichanganya na maji, inayobaki ninaitupa siku hiyo hiyo. Na kwa hii vita, sijui zingine zitafika lini. Siwezi kuifungua kwa watu wawili."

"Nikikuletea kumi?"

Muuguzi akacheka. "Lete kesho, mbele ya saa sita."

Nilidhani mama mkubwa atakata tamaa. Kumbe alikuwa amekwisha kuanza kuhesabu majirani kwa vidole. Mchana kutwa tulizunguka Buyenzi, mtaa wetu, nyumba kwa nyumba. Fundi cherehani, aliyekimbia vita Kongo, alimkazia macho.

"Mi siendi popote, mama. Nichomwe ya nini?"

"Mubu anakuuliza tiketi kabla ya kukuuma? We lete mukono tu."

Fundi akakubali, na mkewe naye. Akakubali muuza ndagala, wale dagaa wa ziwani, na dada zake wawili. Ustadhi wa madrasa akakubali pamoja na wanawe wawili wakubwa. Kufika magharibi tulikuwa kumi kamili, nami nilikuwa na furaha kana kwamba mtaa mzima unasafiri nasi.

Kulipokucha, risasi zikasikika kutoka milimani. Nikajua hakuna atakayetoka. Mama mkubwa akajifunga kanga, akasimama mlangoni, akangoja. Milio ilipotulia, wa kwanza kutokea alikuwa muuza ndagala, amevaa nguo ya sikukuu. Wengine wakafuata. Tulikwenda mjini kwa miguu, tukitembea karibu karibu.

Kabla ya kuchanganya dawa, muuguzi alimuuliza kila mmoja maswali yake. Mke wa fundi akainama, akasema kwa sauti ndogo kwamba ana mimba changa. Fundi akageuka kama aliyepigwa kofi. Habari hiyo hakuwa nayo. Tukapiga vigelegele pale pale, tukampongeza, halafu tukakumbuka: mjamzito hachomwi. Tulikuwa tisa, na saa tano ilikuwa imeshapita; ilibaki chini ya saa moja.

Mama mkubwa akatoka nje. Getini walikuwepo askari wawili wa zamu. Nilimwona akizungumza na yule mdogo zaidi, nikashikwa na woga, kwa kuwa miaka ile hakuna aliyemsogelea askari bila sababu. Baada ya muda yule kijana akampa mwenzake bunduki, akaingia, akakaa kwenye benchi letu.

"Ni kweli haiumi?" akauliza.

"Inauma kidogo," mama mkubwa akamjibu. "Nitakushika mukono."

Akamshika kweli. Askari akafumba macho hadi ilipokwisha. Muuguzi akatuandikia kadi, moja moja, na kuzigonga muhuri. Usiku ule mkono wangu uliwaka moto na nikapata homa kidogo, lakini nililala nikicheka peke yangu. Siku zilizofuata tulimeza vidonge vichungu vya malaria, nami sikulalamika hata mara moja.

Katika uwanja wa ndege wa Unguja, ofisa wa afya alizitazama kadi zetu kwa kufumba na kufumbua, akazirudisha.

"Piteni, karibuni."

Mama mkubwa hakupita.

"Mwanangu," akasema, "hujui hii kadi imepatikana namna gani." Akaanza kumsimulia, tangu muuguzi hadi askari, huku foleni ikirefuka nyuma yetu, na ofisa, kalamu mkononi, akamwambia, "Ehe, mama, kisha ikawaje?"