Kesi ya Kilio cha Shangazi

Jumatatu, mwezi wa pili, mwaka 1996. Manyunyu tangu alfajiri, na ukungu umelala juu ya malori yaliyopanga foleni kwenda mpakani.

Leo Shangazi alisimama kizimbani, Mahakama ya Mwanzo. Naandika kabla sijasahau, ingawa niliishia darasa la saba na mambo ya sheria huenda nayaeleza kombo.

Yote yalianzia juzi kwenye msiba wa baba mdogo, mdogo wake Shangazi. Kwetu Wanyamwanga mwanamke haingii msibani kimya. Akiingia kimya, watu humtazama kama ana lake jambo. Kilio huanza pale anapoliona paa la nyumba. Sasa nyumba ya baba mdogo iko kando ya barabara kuu, na Shangazi, akitokea upande wa Zambia, aliliona paa akiwa katikati ya malori. Akajifunga kitenge kiunoni, akaanza palepale. Malori yakasimama, honi zikalia, madereva wakatukana. Askari kijana, aliyehamia kwetu karibuni, akamkamata kwa kufanya fujo hadharani na kutoa matusi. Alitoka kwa dhamana kesho yake, yaani jana usiku, tumeshazika.

Tuliogopa atafungwa. Kaka yangu alitaka wakili, tukaambiwa mahakama ile haina mawakili, mtu hujisemea mwenyewe. Nikajua basi, amekwisha.

Askari alitoa ushahidi wake vizuri, hakutia chumvi. Kisha hakimu akamwambia Shangazi kwamba ana haki ya kumuuliza maswali. Nilishangaa mpaka nikamtazama jirani yangu. Mwanamke wa kijijini amuulize polisi, na polisi lazima ajibu?

Shangazi alipiga magoti, akapiga makofi taratibu kumwamkia askari, kama ilivyo desturi yetu. Hakimu akamwomba asimame.

"Mwanangu, nilimtukana nani?"

"Ulikuwa unawafokea madereva, mama."

"Kwa maneno gani?"

"Maneno sikuyaelewa, mama. Kilikuwa Kinyamwanga."

"Kuna mtu alitaka kupigana kwa sababu yangu?"

"Hapana. Mimi niliogopa utagongwa."

Angeweza kusema lolote, nani angempinga? Hakusema.

Halafu nikaitwa mimi, shahidi wa Shangazi. Hakimu aliniuliza kama aligusa gari la mtu. Nikasema ndiyo, alipiga boneti ya lori kwa kiganja, nilimwona. Nyuma nikasikia ndugu wakiguna. Mpaka sasa sijui kama ningeweza kulisema kwa namna nyingine.

Shangazi hakukasirika. Akaniuliza, "Kabla ya lori nilipiga nini?"

"Kifua chako."

"Na baada ya lori?"

"Ukuta wa duka. Halafu mti."

Akamgeukia hakimu. "Ndivyo tunavyolia, mheshimiwa. Ng'ombe angesimama pale, naye ningempiga."

Watu walicheka, hata mzee mmoja wa baraza aliyeketi karibu na hakimu. Wakashauriana. Hakimu akaeleza, kama nilivyoelewa mimi, kwamba kelele peke yake si fujo. Lazima ionekane mtu katukanwa au katishwa, au watu walikaribia kupigana, na hayo hayakuthibitika. Ila barabara aliifunga, asirudie. Akaachiwa huru.

Kabla ya hukumu, alipoulizwa kama ana la kuongeza, alijibu hana. Kwamba hakumzika mdogo wake, hakulitaja kabisa. Mimi ningeanza na hilo.

Nje askari alimfuata, kofia mkononi. "Pole na msiba, mama."

"Nimeshapoa, mwanangu."

Hakutaka kupumzika. Tulimpeleka moja kwa moja makaburini, akaligusa lile tuta la udongo mbichi, akalia mpaka akatosheka, na hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni tumekula ugali wa ulezi na majani ya maboga yaliyoungwa kwa karanga. Shangazi ameomba aongezwe ugali.