Mechi Tano za Obed Warusam

Wachezaji wa timu ya raga ya mji wa Ingham walimwogopa Delfina Pezzuto kuliko walivyomwogopa kocha wao. Kocha alifoka, akarusha chupa ya maji, kisha akasahau. Delfina hakufoka. Alikaa kwenye kiti cha kukunja pembeni mwa uwanja, kofia pana kichwani, daftari mapajani, akaandika. Mchezaji aliyemkaba mpinzani akamwangusha alipata alama ya vema. Aliyemkosa alipata msalaba. Jumatatu karatasi ilibandikwa kwenye mlango wa chumba cha kubadilishia nguo, na wanaume wenye shingo kama magogo waliisogelea taratibu, kama watoto wanaokwenda kutazama matokeo ya mtihani.

Kazi yake ya miaka thelathini ilikuwa katika maabara ya kiwanda cha sukari, kupima utamu wa maji ya miwa. Mkulima angeweza kuapa kwamba shamba lake limeiva. Delfina alitazama kipimo, akamwambia arudi baada ya wiki tatu. Uwanjani aliletwa na mumewe, Aldo, aliyecheza raga mpaka magoti yakagoma. Aldo alipofariki, Delfina aliendelea kwenda, kwa sababu nyumba ilikuwa kimya mno siku za Jumapili.

Kila kijana aliyepandishwa kutoka kikosi cha pili alipewa mechi tano. Zikiisha, kocha Col Hickmott alikuja barazani kwa Delfina, akala soseji yake ya salami, akanywa kahawa yake, akauliza, "Huyu vipi?" Delfina alijibu kwa neno moja au mawili: anabaki, au arudi chini. Ilikuwa hivyo kwa miaka ishirini na miwili.

Kulikuwa na mmoja tu aliyemkosesha raha. Kerry Lindquist alikuwa na miaka ishirini Delfina aliposema arudi chini. Kijana hakurudi chini. Aliacha raga kabisa. Sasa alikuwa mtu mzima mwenye upara, dereva wa treni ya miwa. Kila akimwona Delfina alipiga honi na kupunga mkono, na kila mara Delfina alijifanya anatafuta kitu kwenye mkoba.

Mwaka huo akapandishwa Obed Warusam. Alikuwa na miaka kumi na tisa, mwembamba, mpole, fundi matairi kwenye gereji. Wazee wake walitoka kisiwa cha Saibai. Alipangwa mlinzi wa nyuma, yule anayebaki peke yake wengine wote wakishapitwa. Mechi ya kwanza alikosa kukaba mara nne. Ya pili, mara tano. Ya tatu, mara sita, na moja kati ya hizo alipigwa chenga mbele ya jukwaa akaketi chini kwa matako.

"Warusam!" akaita mtu. "Ushakaa, tukuletee na chai?"

Jukwaa zima likaangua kicheko. Obed alikuwa ameshainuka anakimbia.

Baada ya mechi ya nne Col hakungoja ya tano. Alipanda ngazi za baraza huku anahema.

"Delfi, mtoto huyu atanitia kaburini."

"Tulisema tano, Col."

"Misalaba kumi na tisa! Mimi na goti hili bovu nisingefikisha kumi na tisa. Kamati inanicheka. Mwandikie arudi chini, yaishe."

Delfina hakuwa na la kumtetea. Alifungua daftari ili aone tu, na macho yake yakaangukia jina jingine. Dane Mulcahy, winga wa kulia, kijana mwenye nywele nzuri na mashabiki wengi. Mechi nne, hana msalaba hata mmoja. Lakini Delfina aliwakumbuka wapinzani waliofunga, na wengi wao walipita upande huohuo wa kulia. Mtu anapitwa vipi mara zote hizo, halafu karatasi yake iko safi?

Alifunua kurasa za mechi zote nne, mbele na nyuma, hata Col akamaliza salami.

"Msalaba anapewa aliyefika akakosa," alisema mwishowe. "Asiyefika kabisa, mimi simwandiki."

"Una maana gani?"

"Bado sijui. Nipe Jumapili moja."

Siku ya Jumanne alikuwa kwenye kivuko cha reli, gari limezimwa, akingoja treni ya miwa. Treni ikasimama kusubiri njia, na kichwa cha treni kikawa mbele yake kabisa. Kerry akachungulia dirishani.

"Mama Pezzuto! Leo mkoba hauna mahali pa kujificha."

Delfina akashuka garini.

"Kerry, nilikukatia tamaa mapema. Mechi tano tu. Nimekuwa nikitaka kukwambia."

Kerry akamkodolea macho, kisha akacheka mpaka akashika dirisha.

"Miaka yote hii ulikuwa unanikimbia kwa hilo? Mama, mimi nilijikatia tamaa baada ya mbili! Nilikuwa nafumba macho kila nikienda kugongana na mtu. Nafumba kabisa, namwomba Mungu. Kwani hukuona?"

"Sikuona."

"Ulikuwa umekaa hatua kumi tu!"

Taa ikabadilika, treni ikaondoka, mabehewa ya miwa yakapita moja baada ya jingine. Delfina alibaki amesimama. Hukumu yake ilikuwa sahihi, na bado hakuwa ameona kitu. Hilo lilimwingia zaidi kuliko kama angekuwa amekosea.

Jumapili walikuja wapinzani, timu ya Tully. Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi na uwanja ukawa tope. Delfina aliliacha daftari nyumbani. Tangu aanze kuja uwanjani, macho yake yalikuwa yakiufuata mpira. Siku hiyo aliamua kumfuata mtu mmoja, Obed.

Dakika kumi za kwanza alidhani kijana ana wazimu. Mpira ukiwa kushoto, yeye anatembea kwenda kulia. Timu nzima ikirudi nyuma, yeye anapanda mbele hatua mbili. Na alikuwa akisema! Obed mpole, ambaye kantini huomba soda kwa kunong'ona, alikuwa akiita majina ya wenzake bila kupumzika: wewe sogea, wewe ngoja, Dane, Dane, rudi! Dane hakurudi. Kisha Delfina akaanza kuelewa. Mara tatu wachezaji wa Tully walipata mwanya, wakainua kichwa wakamkuta Obed amesimama palepale walipotaka kupita, wakageuka na mpira wao. Hakumgusa mtu. Hakukuwa na alama wala msalaba kwa jambo la namna hiyo.

Dakika ya sabini, Ingham walikuwa mbele kumi na sita kwa kumi na nne. Tully walikuwa na mpira upande wa kushoto, karibu kabisa na mstari wa Ingham, na watu wote walikuwa wakipiga kelele kuelekea huko. Ghafla Obed akaupa mpira mgongo. Akaanza kukimbia kwenda upande wa pili, kwenye majani matupu.

"Amebanwa na choo huyo!" akapiga kelele mtu wa jukwaani.

Hatua moja. Mbili. Tatu. Nne. Delfina alizihesabu. Ndipo namba sita wa Tully alipoupiga mpira juu, ukavuka vichwa vya watu wote, ukamwangukia winga wao kwenye pembe isiyokuwa na mtu. Winga akaudaka, akatabasamu, akajitupa kuugusisha mpira ardhini afunge trai. Obed aliingia chini yake kama anayeokota kitu, akamkumbatia, akamzungusha, na mpira ukatua juu ya mkono wa Obed badala ya ardhi. Refa alilala kifudifudi kwenye tope kuchungulia. Akainuka, akapunga mikono: hakuna trai.

Uwanja ukalipuka. Delfina alijikuta amesimama, kofia imeanguka, mikono miwili mdomoni. Alitaka kumshika mtu wa karibu amwambie, alianza kabla! Mpira ulikuwa bado haujapigwa!

Dakika nne baadaye Tully walipita kulia, Obed akafika peke yake, akamkosa, wakafunga. Ingham walifungwa kumi na nane kwa kumi na sita. Watu wakatoka wanamtukana Warusam.

Delfina alimkuta kantini, tope mpaka kwenye kope, kichwa ameinamisha.

"Ile ya pembeni," alisema. "Ulijuaje?"

"Shangazi, yule namba sita akitaka kupiga juu hulamba vidole. Akitaka kupasi, halambi."

"Nani alikuonyesha?"

Obed akamtazama kwa mshangao. "Si kila mtu anaona?"

"Hapana, mwanangu. Mimi nina miaka ishirini na miwili nimekaa pale."

Jumatatu Col alipokuja alianza na ile ya mwisho ambayo Obed alikosa kukaba. Delfina alimwacha amalize.

"Alifika wa kwanza na alifika peke yake," alisema. "Mulcahy alikuwa wapi?"

Col akavuta birika kwake. Akamimina kahawa mwenyewe.

Obed alibaki. Mipira ya juu nayo aliiangusha mpaka mwezi wa nane, na watu waliendelea kumwuliza kuhusu chai. Mulcahy alianza kurudi nyuma aitwapo, kwa kulalamika, lakini alirudi. Kufikia mwisho wa msimu hakuna timu iliyofungwa trai chache kuliko Ingham, na mwaka uliofuata klabu kubwa ya jiji la Townsville ikamchukua yule fundi matairi.

Delfina bado anakaa pale pembeni. Nusu ya kwanza ya kila mechi penseli iko sikioni na daftari limefungwa. Wapo wanaosema mama amezeeka. Yeye anamtazama mtu mmoja tu, yule aliye mbali kabisa na mpira, na mara nyingine anasahau hata matokeo.