Ujumbe Mmoja kwa Makosa Mawili

Kazi yangu ni kukosea. Ndivyo ninavyowajibu majirani zangu hapa Suna wakiniuliza ninachofanya ndani mchana kutwa na kompyuta. Wanacheka, halafu wananiuliza tena kazi yenyewe ni gani. Lakini ndiyo hiyo. Kuna lugha mpya ya kuandikia programu, inatengenezwa na watu waliotawanyika nchi mbalimbali, nami ni mmoja wa wanaoijaribu. Sijaribu kama inafanya kazi. Hilo lina wenyewe. Mimi najaribu inasema nini mambo yakiharibika. Nafungua mabano nisiyafunge. Nagawanya namba kwa sifuri. Naita kitu ambacho sikukitaja popote. Kisha nasoma ujumbe wa kosa unaotokea kwenye kioo cha kompyuta. Umetaja mstari? Umeweka kimshale mahali penyewe? Umesema kilichotarajiwa na kilichopatikana? Mtu aliyechoka, mwenye haraka zake, ataelewa afanye nini?

Ujumbe mbaya hunipandisha hasira, na wenzangu wanajua. Kuna anayeniita mwalimu wa nidhamu. Sawa, na aniite. Mtu akiharibikiwa, jambo la kwanza anastahili kuambiwa ukweli, na aambiwe ni wapi.

Hasira hiyo najua nilikoitoa. Baba alipofariki, nilipigiwa simu nikaambiwa, "Baba yako anaumwa kidogo. Njoo nyumbani." Nyumbani ni Mbita. Nikaenda mbio. Nilipofika Rongo nikanunua machungwa kando ya barabara, yale makubwa aliyoyapenda, nikayabeba kwa mfuko hadi kwetu. Nilipokaribia lango nikaona tenti zimeshasimamishwa uani. Wanawake waliponiona wakaanza kulia kwa sauti, nami nimesimama pale na machungwa ya mgonjwa. Mtu fulani aliupokea ule mfuko taratibu mkononi mwangu. Sikujua ni nani, wala ni nani aliyeyala.

Kwetu kifo hakitangazwi kwa simu. Mtu anaweza kuwa peke yake, au barabarani, akaanguka, akagongwa na pikipiki, mkawa na misiba miwili. Kwa hiyo anaambiwa fulani anaumwa kidogo, aje, na akishafika anaambiwa akiwa mikononi mwa watu. Ni huruma, siidharau. Nawe ukishazika mara moja unajua. Ukisikia "anaumwa kidogo, njoo," unavua nguo ya rangi unavaa nyeusi. Na huulizi. Ukimwuliza aliyepiga simu kama mtu wako yuko hai, unamlazimisha adanganye au aseme kile alichokatazwa kusema, na vyote viwili ni kumkosea adabu.

Mama alibaki Mbita akianika omena, wale dagaa wa ziwani, na kuuza. Presha alikuwa nayo miaka mingi, lakini alikuwa akiikemea kama paka anayezunguka samaki. Nikiwa njiani kwenda kwake alikuwa hanipi raha: "Umefika wapi?" Nikisema Awendo, anakata simu. Baada ya muda mfupi, "Umefika wapi?" Nikisema Rodi, anakata. Nikisema nimepita Homa Bay, anaweka maji ya ugali motoni. Nilikuwa nalalamika, namwambia, mama, barabara ni ile ile, mimi si mtoto. Yeye anasema, "Sawa, lakini umefika wapi?"

Asubuhi ya siku ile nilikuwa katika mabishano na wenzangu. Nilikuwa najaribu makosa mawili. La kwanza, programu inatafuta faili ambalo halipo, limeshafutwa. La pili, faili lipo palepale, ila limefungwa. Ukipata ruhusa utalifungua. Lugha yetu ilikuwa inatoa ujumbe uleule kwa yote mawili: faili halisomeki. Basi. Nikawaandikia kwamba huo si ujumbe, huo ni uvivu. Aliyepoteza faili aambiwe limepotea, atulie. Ambaye faili lake lipo aambiwe lipo, afanye haraka. Mwenzangu mmoja akajibu kwa upole kabisa kwamba watu wamezoea, kwamba mara nyingi wakiona maneno hayo huwa ni faili limepotea kweli, na wanaelewa hivyo. Nilikuwa naandika jibu, tena jibu kali, simu ikalia.

Alikuwa mama mdogo, yaani mdogo wake mama, anayeishi naye Mbita. Sauti yake ilikuwa chini.

"Mwanangu, uko?"

"Niko, mama."

"Mama yako anaumwa kidogo. Tuko hapa hospitali Homa Bay. Njoo."

Nikasema, "Nimesikia." Akakata simu. Mochari pia iko hospitali; hapo hapakuwa na la kuuliza.

Nikaufunga mdomo kwa mkono, kisha nikaachilia, nikalia. Jirani alisikia ukutani akaja. Nikamwambia mama anaumwa kidogo, akanishika mabega akasema pole, pole sana, akaanza kuomba. Hata yeye alielewa. Nikatafuta gauni jeusi, nikalipiga pasi. Nikatafuta kitambaa cheusi cha kichwa nikakikosa, tukaenda naye sokoni tukanunua. Sasa nikikumbuka nikimlinganishia yule muuzaji vitambaa viwili, hiki kinateleza, hiki kinashika vizuri, natamani kujipiga.

Kaka yangu anafanya kazi Kisii. Yeye pia alikuwa amepigiwa, kwa maneno yaleyale. Akaniambia nimngoje Rongo, tuingie pamoja. Tulipofiwa na baba tulifika mmoja mmoja, kila mtu akaliliwa peke yake langoni, na tuliapa hatutarudia. Kwa hiyo nikamngoja. Alichelewa kuomba ruhusa kazini, kisha akachelewa kupata gari. Simkasirikii. Anayewahi mazishi anawahi nini?

Nikiwa Rongo, mama mdogo akapiga. "Mmefika wapi?"

Nikamwambia niko Rongo, namngoja kaka. Akasema haya. Nilidhani yuko na wazee, wanataka kujua kama watungoje ndipo maiti itolewe. Baada ya muda akapiga tena, "Mmefika wapi?" Nikamwambia bado Rongo, mama, tutafika tu. Nadhani nilimjibu kwa ukali. Nilijiambia, hawa watu wana haraka gani na sisi.

Kaka akafika macho mekundu. Alikuwa hajala tangu jana yake, nikamwingiza kwenye kihoteli tukaagiza chai na chapati. Hapo ndipo tulipopanga. Mama azikwe upande gani wa baba. Nani aambiwe Karungu, ambako ndiko kwao alikozaliwa. Picha ipi itumike. Kaka alitaka ile ya harusi ya binamu, mimi nikasema hapana, pale mama amenuna kwa sababu ya viatu. Tukacheka. Tukalia tena. Mama yetu tulimzika juu ya meza ile, katikati ya vikombe vya chai, na alikuwa anapumua.

Simu ya tatu hatukuipokea. Kaka alisema tuko karibu kuondoka, tutamwambia tukifika.

Pale hospitali mama mdogo alikuwa amekaa nje ya wodi ya wanawake, kwenye benchi. Nilishangaa. Nilitarajia kumkuta upande wa mochari. Alipotuona alisimama akaweka mikono kichwani, akasema, "Amewaacha sasa hivi tu."

Kaka akauliza, "Nani?"

Mama alifariki wakati wagonjwa wakigawiwa chakula cha mchana. Sahani yake ilikuwa bado juu ya kabati dogo, imefunikwa. Niliingiza mkono chini ya shuka nikamshika mguu, na mguu ulikuwa na joto. Nilitoka na joto lile mkononi. Sijui mtu anatakiwa kulifanyia nini.

Nilimgeukia mama mdogo, kitambaa changu kipya cha kichwa kikiwa kimeteleza hadi shingoni. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Nilikuambia," alisema. "Nilikuambia anaumwa. Si alikuwa anaumwa? Sasa ulitaka nisemeje?"

Nilifungua mdomo nimwambie angesemaje, mimi ambaye kazi yangu ni hiyo, na sikupata sentensi. Angesema yuko hai? Nani anapiga simu kusema mgonjwa wake bado yuko hai? Kwetu ni kama kukiita kile unachokiogopa. Daktari alimwambia awaite watoto, naye akatuita, kwa maneno ambayo wote hutumia. Akasema ukweli mtupu. Akatulia akatungoja.

Tulimzika Mbita, upande wa kushoto wa baba. Picha ikawa ile ya viatu. Kaka alisema mama angependa kununa kidogo siku hiyo.

Niliporudi Suna nikakuta wenzangu wameniandikia pole, kila mmoja kwa namna yake. Yale mabishano yalikuwa yamekwisha bila mimi. Walikuwa wamekubaliana ujumbe ubaki kama ulivyo, watu wamezoea. Lakini jaribio nililoandika, linalodai jumbe mbili tofauti, bado lipo, na kila asubuhi majaribio yote yanapoendeshwa, hilo moja linatoka jekundu, yaani limeshindwa. Wameniomba niliondoe. Sijaliondoa, na safari hii sijaandika jibu kali wala la upole. Nimeacha tu.

Mama mdogo nilikaa bila kumpigia muda. Kisha nikaona haya, nikaenda. Nilimkuta anaanika omena wa mama kwenye nyavu zilezile, nikavua viatu nikaanza kumsaidia kuwatandaza. Tulifanya kazi mpaka jua likakaza. Ndipo akasema, bila kuniangalia, kwamba kuna jambo linamlemea.

"Zile simu," alisema. "Si mimi niliyekuwa nakutafuta. Ni yeye. Akifumbua macho anauliza, amefika wapi? Ananiambia nikupigie. Nikamwambia, yuko Rongo. Akafurahi, akalala. Akaamka tena akauliza, amefika wapi? Nikamwambia yuko Rongo. Hapo hakulala. Mara ya tatu hukushika simu, na alikuwa ananitazama, kwa hiyo nikamwambia umepita Homa Bay."

Nikamwuliza mama alisemaje.

"Alisema niweke maji motoni."