Alama za Kijivu

Mwalimu Njuki, aliyefundisha Kianjokoma, alikuwa mtu wa kuchagua kwa makini. Bintiye Winrose alimwonyesha programu mbili za kupanga marejeleo ya tasnifu: moja huweka orodha ya vitabu mtandaoni, nyingine ndani ya kompyuta. Nyumbani kwake Kanja mtandao hupatikana ukisimama karibu na kituo cha majani chai, basi akachagua ya pili. Nani angemlaumu? Akawachosha walimu wenzake kwa kuisifu. Mtindo wa marejeleo ukibadilika, aliwaambia, unabonyeza mara moja tu, tasnifu nzima inajipanga!

Alikuwa akisomea shahada ya uzamili likizo baada ya likizo, utafiti wake ukiwa juu ya wakulima walioacha kahawa. Chuo kilikuwa kimeshamwongezea muda mara ya mwisho. Asipowasilisha Ijumaa, jina lake linafutwa.

Jumatano msimamizi wake akamwambia kazi ni nzuri, abadilishe tu mtindo wa marejeleo. Njuki alicheka. Hilo tu?

Akaenda mbio kwa Beverlyne, mwanafunzi wake wa zamani mwenye duka la kuchapa kazi pale sokoni. Tangu kompyuta yake ya nyumbani iharibike, programu na tasnifu vilikuwa katika ile ya duka hilo. Sifa ya Beverlyne ni usafi. Ratiba ya mazishi ikitoka kwake, hata wafiwa huisifu. Njuki akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena.

"Beverlyne, hii kitu imekufa?"

"Haijakufa, Mwalimu. Ni vile nilikusafishia kazi." Alisema kwa fahari. "Kila mahali umetaja mwandishi, ukigusa hapo panakuwa kijivu. Nikaona hiyo uchafu itakuaibisha huko chuo. Nikakopi kila kitu, nikapesti ikiwa safi. Na hiyo sikuchaji."

"Na ile ya kwanza?"

"Nilisevu juu yake."

Kijivu hicho ndicho kilichounganisha kila jina na kitabu chake. Sasa yalibaki maneno matupu, ya kurekebishwa moja moja kwa mkono, kurasa mia mbili na zaidi. Njuki alitaka kumfokea msichana wa watu, lakini yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akimrudishia daftari kila alipoona doa. Akavuta kiti, akaanza.

Alhamisi umeme ulipotea mchana kutwa. Ijumaa ofisi za chuo zilipofungwa, alikuwa bado katika sura ya pili, macho yamemwiva, na moyoni alijua kwamba hatakuwa na nguvu za kuanza masomo haya upya maishani mwake.

Simu ikalia. Ni mkewe, Cicily.

"Baba Winrose, umepeleka ile kazi?"

"Bado."

"Haya basi, si utapeleka Jumatatu? Kuja ukule, chakula inapoa."

Njuki akasema sawa. Akakata simu, akarudi kwenye sura ya pili.