Mvule kwenye Boti ya Haji Wahabu

Gidioni wa Bulembia alikuwa fundi wa milango, na maji aliyoyazoea ni yale ya beseni. Alizaliwa milimani, kuogelea hajui, na akiliona ziwa hukunja uso kama mtoto aliyeonyeshwa sindano. Kwa hiyo mwaka ule wa 2014 Haji Wahabu alipomwita kijijini Kahendero, ufukweni mwa ziwa, kutengeneza boti yake ya faiba, sisi wauza samaki tulicheka sana. Mke wa Gidioni, Kahambu, muuza samaki mwenzetu, alicheka kuliko sote. Boti ile ndiyo iliyotuvusha Ziwa George kila wiki kwenda kununua samaki, na Kahambu alikuwa na mahali pake, nyuma kabisa karibu na injini, maana mbele humtia kichefuchefu.

Boti ya faiba ni laghai. Kwa nje nyeupe, inang'aa. Lakini injini ilikuwa imeanza kuchezacheza, na Gidioni alipokata ngozi ya faiba upande wa nyuma, ubao wa ndani unaobeba injini ulitoka kwa vidole, mweusi, kama muhogo uliosahaulika majini. Kicheko kilitukauka. Miezi yote ile tulikuwa tumekalia uozo, na chini yetu viboko.

Sasa aweke mbao gani? Kalitusi hupinda, hiyo aliikataa mapema. Akataja plaiwudi ya maji, ile ya tabaka nyembamba zilizogandishwa pamoja, lakini Haji hakutaka hata kuisikia.

"Plaiwudi ni ya dari," Haji alisema. "Mimi nataka mbao ya watu wakubwa. Leta mvule."

Kwetu ukisema mvule umemaliza. Gidioni mwenyewe alipata sifa kwa milango ya mvule. Akapanda gari mpaka Bwera kwa Kathembo, muuza mbao zinazovuka kutoka Kongo.

"Iyi mbao iko nguvu, fundi," Kathembo alimwambia, akiupiga ubao kofi. "Mutu anakufa, iyo inabakia."

"Ni ya boti. Bibi yangu, mama Nobert, anapanda iyo boti."

"Basi umupatie mvule. Bibi ni mutu wa kupewa kitu ya muzuri."

Akauleta, akauchonga, akaupachika, akaufunika kwa kitambaa cha faiba na gundi yake. Kazi ikapendeza. Asubuhi ya safari tulikuwa tumeshapanda na vikapu vyetu, Kahambu mahali pake, Gidioni anakusanya vyombo vyake. Akaokota kipande cha mvule kilichobaki, ambacho alikuwa amekifunika kwa kitambaa kilekile na gundi ileile. Akakivuta kitambaa kidogo tu. Kikabanduka chote, kama ganda la ndizi mbivu.

Alisimama anakitazama. Mvule una mafuta yake, ndiyo maana hauozi upesi, na mafuta hayo yalikuwa yameikataa gundi. Kwenye milango asingejua kamwe, maana mlango hushikwa na misumari.

"Shukeni," alisema.

"Imeshikana vizuri, fundi," Haji alisema. "Hata ufa haina. Usitishe watu."

"Shukeni, nimesema."

Kahambu aliona haya mbele za watu. "Proscovia, nishikie kikapu," aliniambia, akashuka. Gidioni akachukua msumeno, akaanza kuikata kazi yake mwenyewe.

"Baba Nobert, ungenyamaza mimi ningekaa palepale," mkewe alisema.

"Najua. Ndiyo sababu nakata."

Alipochokonoa kwa patasi, ngozi ya faiba iliachia ubao bila ubishi. Haji alikalia jerikeni.

Safari hii Gidioni alileta plaiwudi ya maji, akaianika mpaka ikakauka kabisa, akanywesha gundi kila ukingo na kila tundu la skrubu. Lakini kwanza alijaribu kipande pembeni, akakipiga nyundo. Mbao ilichanika, gundi ikabaki imeng'ang'ania. Hata hivyo hakutulia. Usingizi ulimpotea, na chakula alikuwa anakichezea tu.

Kule Kahendero, fundi akitengeneza chombo, yeye ndiye abiria wa kwanza, na hukaa juu ya kazi yake. Haji alitaka kumsamehe kwa kuwa ni mtu wa milimani. Gidioni akakataa. Alikaa mahali pa Kahambu, mikono miwili imeukamata ubao, midomo inaomba. Yeye na mwendesha boti wakaenda mpaka maji ya kina, wakageuka kwa kasi, wakarudi. Injini haikutikisika. Aliposhuka alitapika.

Kahambu alimfuta mdomo kwa kitenge chake. Kisha akapanda, akakaa palepale alipotoka mumewe, mahali pakiwa bado na joto lake.

Tulipoondoka nilimwona Gidioni ufukweni ameshika kichwa kwa mikono miwili, na sikumcheka.