Gurudumu Lililovaa Vwali

Shwi, kimya, shwi, kimya. Hadi leo nikisikia mpira wa gurudumu ukisugua chuma, meno yangu hukazana yenyewe. Ndiyo sauti ya likizo ile ndefu ya Gitambi, tulipokuwa tumerudi kutoka Bukavu, mji wa upande wa pili wa mpaka, tukikimbia vita, na bado majirani wanatuita watu wa ng'ambo. Nilikuwa na miaka kumi na minne, msichana ambaye akisalimiwa njiani alijibu huku akitazama vidole vya miguu yake. Baiskeli yetu, au kinga kama tulivyoiita sisi tuliozaliwa kule, ilikuwa kitu pekee kikubwa tulichovuka nacho mpaka. Papa aliisukuma darajani ikiwa na godoro, masufuria, na mdogo wangu amekaa juu ya vyote hivyo. Sasa ilimbebea ndizi kwenda soko la Kamembe, na shule zikifunguliwa angeniachia mimi, kwa sababu sekondari niliyopata ilikuwa mbali mno kwa miguu na haikuwa na bweni. Alishalisema hilo wazi tukiwa tunakula: "Kinga ikikaa sawa, unasoma. Isipokaa sawa, unangoja mwaka mwingine." Tangu siku hiyo sikuwa na usingizi wa maana. Gurudumu la nyuma lilikuwa linayumba.

Tuliigeuza kichwa chini uani, imesimama kwa kiti na usukani, na Papa akashika kijiti cha tete karibu na rimu, janti kwa lugha yetu ya kule, ili kuona linakwenda upande gani. Likizunguka, rimu ilikiacha kijiti, ikakisogelea, ikakigusa, ikakiacha tena. Mkono wangu ulinuka grisi ya zamani na udongo mwekundu wa barabara, harufu isiyotoka hata kwa majivu. Papa alikaza spoki hapa, akalegeza pale, akatema mate, akaanza upya. Aliposhindwa aliipeleka kwa Mzee Kizito, fundi wa Kamembe aliyefanya kazi chini ya turubai kando ya barabara ya uwanja wa ndege. Mzee Kizito alizungusha gurudumu mara moja tu, kisha akatangaza kwa sauti ya daktari, akimwita Papa kwa jina langu: "Papa Mado, hii roue yako iko na vwali." Mafundi wa kwetu walilichukua neno hilo kwa Wafaransa, kama walivyolichukua roue, gurudumu lenyewe. Kwao vwali ni gurudumu kupinda upande, lakini ndilo neno hilohilo la shela. Tulipomletea Maman habari hiyo, aliacha kutwanga sombe, yale majani ya muhogo, akaweka mikono kiunoni. "Vwali? Kwani kinga inaolewa na nani?" Watoto wa jirani walilidaka. Kila nilipopita nikiisukuma, waliimba nyuma yangu, "Bibi-harusi anapita! Bibi-harusi, bwana yako iko wapi?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kilichoniudhi zaidi ya wimbo wao ni kwamba gurudumu lilinyooka kila lilipotoka kwa Mzee Kizito, na kabla wiki haijaisha lilikuwa limepinda tena. Papa alilaumu barabara. Mzee Kizito alimlaumu Papa na ndizi zake. Jirani mmoja, asiyemiliki hata kiti cha baiskeli, alilaumu mvua. Mimi nilikuwa nimezoea kukaa kimya nikitazama, kwa hiyo nikatazama. Nilifunga uzi mwekundu kwenye spoki iliyokuwa karibu na pale tunapopulizia upepo, mahali rimu ilipoanzia kukengeuka. Gurudumu liliponyooshwa, uzi ukabaki. Lilipopinda tena, lilipinda pale pale penye uzi. Barabara haiwezi kuchagua spoki moja kila wiki, wala mvua; nilishuku rimu yenyewe ina kasoro hapo. Nilijua pia kwamba spoki iliyokazwa vizuri, ukiipiga kwa kucha, inatoa mlio wa juu, na iliyolegea inatoa mlio mzito. Lakini za kwetu zote zililia mlio mmoja. Sababu ni kwamba zilikuwa zimefungwa kwa waya. Wabeba mizigo wa Bukavu walikuwa na desturi hiyo: pale spoki mbili zinapopishana, wanazibana kwa waya mwembamba ili zisaidiane. Ukiigusa iliyolegea, mwenzake aliyekazwa anaitikia badala yake. Na huwezi kuilegeza moja kabisa ili uone tundu lake kwenye rimu, maana waya umeishika.

Nililisema. Nataka lieleweke hivyo, nililisema mapema, likizo ikiwa bado changa na mpaka ukiwa bado wazi, wakati rimu zilipatikana Bukavu ukivuka tu asubuhi. Papa alikuwa amechuchumaa, ana ufunguo wa spoki mdomoni.

"Papa, tukate zile waya."

"Sema nguvu. Sauti yako inabakia mu tumbo."

"Tukate waya, Papa. Tuone janti."

Aliutoa ufunguo mdomoni. "Waya ya nani? Ya kaka yangu? Ule muntu hatujui hata kama anaishi, na weye unataka kukata kazi ya mikono yake?"

Ni kweli, kaka yake mkubwa ndiye aliyezifunga usiku wa kuamkia safari yetu, kisha akatusindikiza hadi darajani, akageuka kwenda vijiji vya ndani, mbali na mji, na baada ya hapo hatukusikia neno. Maman alinikonyeza ninyamaze. Papa akarudi kukaza, na kwa hasira alikaza kupita kiasi, rimu ikalia kama jino linalong'olewa. Niliingia ndani nikauma mto.

Vita ng'ambo viliwaka tena, mpaka ukafungwa. Siku chache kabla ya shule kufunguliwa, spoki yenye uzi ilichomoka yenyewe Papa akiwa anashuka mteremko, ndizi zikatawanyika barabarani, naye akarudi na goti limechunika. Alichukua koleo, akakaa chini, akakata waya mmoja baada ya mwingine, na kila alioukata aliutia mfukoni. Tukavua mpira. Chini ya kutu, tundu la spoki ile lilikuwa limepasuka, na ufa ulikuwa umefika kwenye tundu la jirani. Hapakuwa na cha kukaza wala cha kulegeza. Ilihitajika rimu mpya, na Kamembe nzima haikuwa na rimu. Wenzangu walianza sekondari. Mimi nilibaki Gitambi nikipalilia maharage, nikiwa na jibu sahihi kabisa lisilonipeleka popote.

Papa mukubwa, yule kaka yake Papa, alikuja miaka kadhaa baadaye, amekonda, mzima, mcheshi kuliko tulivyomkumbuka. Papa alimletea zile waya kwenye kopo, amezitunza muda wote huo. Papa mukubwa alicheka hadi akakohoa. "Weye unatunza hii ya nini? Ile janti ilipasuka kule kule Bukavu! Nilifunga mufike tu Kamembe, halafu mutupe."

"Haukusema," Papa akamwambia.

"Nilisema, pale ku daraja. Weye ulikuwa unalia."

Mimi nilitoka nje kwa sababu nilitaka kupiga kelele, na sikujua nimpigie nani.

Siku hizi maduka ya Kamembe yananing'iniza rimu ukutani kama vikapu, mpaka unavukwa na akina mama wenye nyanya tangu alfajiri, na binti yangu ana baiskeli yake ya kwenda shule. Hana haya hata kidogo. Majuzi aliingia jikoni akisema gurudumu linasugua. Sikumwacha amalize, wala sikumngoja babake. Niliigeuza baiskeli kichwa chini, nikavua mpira, nikalegeza spoki zote, nikakagua kila tundu kwa kidole na tochi. Rimu ilikuwa nzima kama sahani. Binti yangu alikuwa amesimama mlangoni, mikono kifuani, anatazama mrundo niliomfanyia.

"Maman, nilikuwa nakuambia ni freni imehama. Papa angeisukuma tu na kidole."

Breki ingerudishwa kwa dakika moja, lakini kukaza spoki zote upya si kazi ya asubuhi moja. Alivaa begi lake, akaenda shule kwa miguu.