Mikono ya Jirani

Foyer, nyumba ya mafundisho ya banamuke kwenye kambi ya mine, mugodi ya bazungu, njo kule madame ya muzungu alikuwa anatufundisha kushona na kupiga pasi, siye bibi ya bantu ya kazi. Kwenye ukuta alitundika tablo moja, picha ya bazungu ya zamani sana: banamuke ya kanzu refu banacheza kwenye majani, banapiga mupira ya muti na nyundo. Mumoja anainama kupiga, na nyuma yake bwana ya kofia anamushika mikono yote mbili. Eti anamufundisha! Miye nilikuwa nacheka. Tangu utoto tunatwanga mihogo, nani alitushikaka mikono?

Kumbe cheko iko na mwisho. Madame akasema, siku ya fête, sikukuu ya kambi, tutafanya ile tablo siye benyewe, tusimame kimya, bantu batuangalie. Ya kuinama akachagua miye. Ya kunishika, jirani yetu, bwana ya bibi mwenzangu! Bwana yangu akasema, "Ni muchezo tu, shefu ya kambi atafurahi." Nikaitika, lakini roho haikutulia.

Siku ikafika, tukasimama kwenye majani ya foyer. Jirani ananishika mikono, pumzi yake iko kwenye shingo yangu. Nikainua macho. Mayo! Baba mukwe yangu anakaa kule mbele, alitoka Kipushi bila kututumia habari. Kwetu bukwe, heshima ya mukwe, haiko mambo ya kucheka: miye na yeye hatuangaliani, hatukule pamoja, nikimukuta njiani napiga magoti. Sasa ananiona mu mikono ya bwana ya mwingine. Kwa ile tu, bibi anarudishwa kwabo, batoto banabaki kwa bwana. Batoto yangu babili! Nikaanza kuvuta mikono.

"Ne bouge pas!" madame ananong'ona, eti nisitikisike.

"Niache," nikamwambia jirani.

"Madame atakasirika."

"Niache, nimekuambia!"

Nikamusukuma na kiwiko, nikapiga ule mupira miye peke yangu, na hasira yote. Ukamupita madame, ukamupita shefu, ukasimama mbele ya baba mukwe. Nikapiga magoti, macho chini, nangojea.

Yeye hawezi kunisemesha, bukwe inakataza. Akamuita mutoto yake, bwana yangu, na sauti ya kusikiwa na bote:

"Ule muntu alimushika bibi yako, njo wewe uliruhusu?"

"Ndiyo, baba."

"Basi piga magoti karibu yake."

Na kostime yake, suti ya misa, mbele ya shefu na bazungu bote, bwana yangu akapiga magoti kwenye majani. Njo pale nikajua sitarudishwa.